Nilipowaambia Kwetu Ni Hivyo

Mwanangu mpendwa, kifungua mimba wangu,

Nakusalimu wewe, mkwe wangu, na mjukuu wangu Kidomo, ambaye natumaini bado anaongea kuishinda redio. Mimi ni mzima. Kinacholalamika ni goti la kushoto tu, kwa sababu chumba chetu cha mazoezi kiko ghorofa ya juu kabisa, na lifti yao hufanya kazi ikijisikia. Huko mnaendeleaje? Lile jino lako limeng'olewa, au bado unalibembeleza? Na mdogo wako, mwambie namkumbuka sana na asijifanye hajui kuandika; nilimfundisha mwenyewe.

Najua umeninunia. Ulipiga simu kuniuliza mtihani ulikwendaje, nikakujibu kwamba ulikwenda vizuri na kwamba nitakuandikia, kisha nikaaga haraka kama mtu aliyeacha maziwa jikoni. Mwanangu, yako mambo hayafai kusemwa kwenye simu. Mtu anasema nusu, salio linakatika, mwenzake anabaki na ile nusu na kuimalizia mwenyewe apendavyo. Hili nataka ulipate zima. Kwa hiyo keti, mpe Kidomo kitu cha kuchezea, unisome taratibu.

Kwanza nikukumbushe ninachosomea, maana nasikia unawaambia watu kazini kwako kwamba mama yako "anafanya mambo ya muziki." Siku niliyotangaza kwamba nikistaafu ualimu nitarudi shule, wewe na mdogo wako mlicheka mkashikana mabega, mkasema watu wa rika langu wanafuga kuku. Basi, kuku wenyewe ni sisi. Hapa chuoni mtafiti asiyepiga chombo hayupo. Mtu anajichunguza mwenyewe akiwa kazini: anapiga, anarekodiwa, kisha anakaa kujitazama na kueleza kwa nini alifanya alichofanya. Mimi nachunguza jinsi watu wawili wasiojuana, waliokulia kwenye muziki tofauti na wasio na lugha moja, wanavyoweza kukaa pamoja na kubuni muziki papo hapo bila kupatana lolote. Usiniulize utafiti huo unafaa nini. Na wewe hujawahi kunieleza mazungumzo ya harusini yanafaa nini, na bado watu wanakwenda.

Profesa anayenisimamia ni mpiga fidla, mwanamke mfupi anayevua viatu kila anapofikiri. Ukimkuta pekupeku usimsemeshe, subiri. Mwenzangu katika utafiti ni mpiga filimbi aliyetoka mbali, mbali na hapa na mbali na kwetu, mrefu hata anainama akipita mlangoni. Nilimpa jina la Twiga. Alipotafsiriwa maana yake alifurahi mno, na siku hizi ndivyo anavyojitambulisha kwa wageni. Na kabla hujaanza yako: ana mke, na huyo mke amenifumia soksi. Katikati yetu hukaa mkalimani, mama wa makamo aliyekuwa akisoma habari redioni zamani. Anatafsiri kila kitu. Twiga akiguna, naye anaguna, tena kwa sauti ya taarifa ya habari.

Siku ya kwanza tulianza vizuri. Twiga alipuliza kitu kifupi, kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya uwanja. Nikamjibu kwa mkono wa kushoto, polepole, kule chini kwenye sauti nzito za kinanda. Akaita tena. Halafu mkono wangu wa kulia ukapata njia yake, nikahisi kuna kitu kinakuja, kama chafya. Nikamtazama. Akainamisha kichwa mara moja, akakiinua.

Nikaacha. Mikono iliondoka yenyewe ikaja kulala mapajani. Twiga akaendelea peke yake kidogo, akaishiwa, akanyamaza. Tukatazamana kama watu waliogongana mlangoni.

Ikawa hivyo hivyo wiki iliyofuata na wiki baada ya hapo. Kila nilipofika mahali patamu, kichwa chake kilishuka, nami nikafunga mdomo wa kinanda. Nikaanza kumchukia, nisikufiche. Nikamwona ni yule mwanamume wa kila mahali, anayekukaribisha sebuleni kisha akakaa kwenye viti vyote. Nyumbani nikawa naosha vyombo kwa hasira hata mwenye nyumba akagonga kuuliza kama kuna kilichovunjika. Mwishowe nikasema potelea mbali, nitakwenda kwa Profesa aniletee mwenzangu mwingine.

Nilipofika mlangoni kwa Profesa nikamkuta Twiga anatoka, macho mekundu. Alinipisha kwa adabu, akainama kupita, akajigonga vilevile. Ndani nikaambiwa kwamba alikuja kuomba jambo lile lile. Alimweleza Profesa kwamba yule mama hampendi, na kwamba kila akijaribu kumsifu ananyamaza na kumwacha uchi mbele ya kamera. Profesa alicheka mpaka akashika meza. Kisha akatuita wote watatu, mimi, Twiga na mkalimani, katika chumba kidogo cha kutazamia rekodi zetu za video, akazima taa.

Mwanangu, kujiona ni kazi. Nilimwona mwanamke mnene aliyevaa sweta yangu anapiga kinanda, uso umefunguka, anakaribia kutabasamu. Kisha kichwa cha Twiga kikashuka na kupanda, na mikono ya yule mwanamke ikaruka kama imegusa sufuria ya moto. Profesa akarudisha nyuma, akatuonyesha tena. Akaenda kwenye rekodi ya wiki nyingine: kichwa, mikono. Nyingine: kichwa, mikono. Twiga akaanza kusema kwa haraka, akijipiga kifua, na mkalimani akasoma kama anayetangaza matokeo ya uchaguzi kwamba mpiga filimbi anasema alikuwa akimwambia mama aendelee, ameomba nyongeza, ameomba zaidi, na kwamba mdomo na mikono yake vyote viko kwenye filimbi, kwa hiyo angeombaje kama si kwa kichwa?

Hapo Profesa akanigeukia. Akauliza, kwa upole kabisa, "Kwenu, mtu akikuinamishia kichwa hivyo, maana yake nini?"

Nilijua jibu. Lilinijia lote mara moja, nikaona aibu, nikahisi masikio yanawaka gizani. Nikasema, "Kwetu, ni kumwambia mtu anyamaze."

Utaniuliza, kwetu wapi huko? Vuta subira, nakuja. Kwa sasa jua tu kwamba nilidanganya. Nilikuwa na kaaibu kangu kadogo nikaamua kukafunika, na nguo niliyoipata karibu ilikuwa nchi nzima.

Profesa alivua viatu papo hapo.

Uongo, mwanangu, ukimpa mtu mjinga unafia kwake. Ukimpa msomi anaufanyia mkutano. Profesa aliandika makala kuhusu kuinamisha kichwa kunakonyamazisha, akaipeleka kwa waandaaji wa mkutano wa watafiti, ikakubaliwa. Akawafundisha wanafunzi wengine. Na hao wanafunzi, kwa kuwa ni watoto wenye malezi, wakaamua kuniheshimu. Nikawa naongea na mtu, yeye ananisikiliza shingo imekakamaa kama aliyemeza mchi. Mpishi wa kantini akawa ananipakulia chakula huku amenikodolea macho, hathubutu kuitikia. Hata mlinzi wa getini, ambaye zamani tulisalimiana kwa kichwa kila asubuhi, akaanza kunipungia mkono kama mtu anayesindikiza treni. Twiga ndiye aliyezidi. Alijifunza kupuliza bila kusogeza hata kidevu, mishipa imemtoka, mpaka nikahofia ataanguka.

Mwanzoni nilicheka peke yangu chumbani. Baadaye nikaacha. Hujui, mwanangu, jinsi mtu aliye mbali na kwao anavyohitaji vichwa vya watu. Unasema neno katika lugha usiyoijua vizuri, unaangalia kama limefika, na mwenzako anakutazama kama picha ya pasipoti. Nilipata upweke ambao sikuupata hata wiki ya kwanza. Na niliupika mwenyewe.

Aliyenikamata ni mkalimani. Unakumbuka siku ulipompa Kidomo simu ya video anitajie hesabu zake za kuzidisha? Nilikuwa kantini, na mkalimani yuko meza ya pili anakunywa kahawa. Mtoto anataja, nami nainamisha kichwa, nainua, nainamisha, kama mjusi ukutani, na yeye anapata nguvu anakazana. Nilipokata simu, mkalimani alikuja akakaa mbele yangu. Akaniuliza polepole, kwa ile sauti yake ya saa moja kamili, mbona yule mtoto hakunyamaza.

Nilimwomba asiseme. Akanijibu kwamba si kazi yake kusema. Yeye maisha yake yote ametangaza yale tu ambayo wengine wamekwisha kuyasema. Akamaliza kahawa yake akaondoka, na akaniachia mzigo wangu mezani.

Siku chache kabla ya mtihani nikapanda ngazi kwenda kwa Profesa, na Twiga nikamwita pia. Nikawaambia kwamba lile nililosema si desturi ya kwetu, kwamba kwetu watu wanainamisha vichwa kama watu wengine wote, na kwamba jambo lile lilitoka kwenye nyumba moja tu. Twiga alipotafsiriwa, kitu cha kwanza alichofanya ni kushika shingo yake na kuisugua. Profesa yeye alivaa viatu. Ukweli ni kwamba nilipendelea kumwona pekupeku. Aliniuliza kama najua ameifundisha habari ile kwa watu wangapi. Akasema atairudisha makala na ataeleza sababu, na aibu itakuwa yake kabla ya kuwa yangu, kwa kuwa ni yeye aliyeuliza swali moja na kuridhika na jibu moja. Kisha akasema kwamba yatakayonipata siku ya mtihani hawezi kuyazuia: nitasimama mwenyewe mbele ya jopo nisahihishe kwa mdomo wangu, na kama watanirudisha nyumbani bila kitu, basi. Sikubisha. Nilishuka ngazi zote kwa goti hili hili.

Siku ikafika. Ukumbi ulikuwa na mwanga wa mchana kutoka madirishani, wanafunzi wamejaa, na mezani wamekaa wanajopo watatu, mkubwa wao mzee mpiga ngoma mwenye vidole vipana kama vijiko. Nilisimama nikasema sahihisho langu kwa maneno machache: kwamba sura ya tatu ya kazi yangu ya maandishi inadai jambo kuhusu watu wa kwetu, na jambo hilo si la kweli, nililisema kwa kuona aibu. Nikaketi kwenye kinanda.

Twiga akaanza kupuliza. Maskini, nilikuwa nimemwambia aachie shingo yake, lakini mazoea yana taabu. Alisimama pale amekakamaa kama nguzo ya umeme. Nikamjibu kwa mkono wa kushoto. Tukaenda hivyo, tukisikilizana kwa woga, muziki mzuri lakini wa watu wanaokanyaga kwa vidole katika nyumba yenye mgonjwa. Nikaona hatutafika. Basi nikamtazama machoni, nikainamisha kichwa mimi. Mara moja, kwa nguvu, kama mtu anayegonga mlango.

Akacheka ndani ya filimbi. Sauti ikapasuka, ikatoka kitu kibaya, kama jogoo mwenye mafua. Nikakidaka kitu kile kibaya kwa mkono wa kulia, nikakirudia, nikakigeuza, na ile chafya niliyokwambia ikaja, mwanangu, ikaja yote. Nilikuwa najua kila kidole kinakwenda wapi na papo hapo nilikuwa nashangaa kila kilipofika. Twiga akaniinamishia kichwa, nikaendelea. Akainamisha tena, nikaenda mbali zaidi, mahali ambapo sijawahi kufika mbele ya watu. Alinisubiri huko, akaingia, tukarudi pamoja bila haraka. Tulipomaliza, mlinzi wa getini alikuwa amesimama mlangoni. Sijui geti lilikuwa na nani.

Kisha mzee mpiga ngoma akauliza swali moja. Alisema amesikia kwamba ile si desturi ya kwetu. Akataka kujua, basi, ni ya nani.

Hapa ndipo nilipotaka ufike. Niliwajibu, "Ni ya marehemu mume wangu. Alikuwa mpiga tarumbeta."

Usiiweke barua chini.

Wewe unamjua baba yako kama kiongozi wa bendi mwenye viatu vyeupe. Ndivyo alivyokuwa, nami nilikuwa mpiga kinanda wa bendi yake. Lakini mpiga tarumbeta naye mdomo na mikono vyote vina kazi. Akitaka kuamuru anaamuru kwa kichwa. Na kichwa chake, kikinielekea mimi, kilikuwa na amri moja. Kinanda kikianza kupanda, kikianza kutoka kwenye njia aliyoipanga, kichwa kilishuka na kupanda: basi, mama, inatosha. Nikarudi chini. Miaka yote ile ya harusi na hoteli sikupiga hata wimbo mmoja ambao kinanda kilisema lake mpaka mwisho. Nyumbani nilipomuuliza, alishangaa kwa dhati. Aliniambia kwamba uzuri wangu ni adabu yangu, na kwamba wapiga kinanda wengine wana kelele. Alifikiri ananisifu. Nami nilimpenda, kwa hiyo nikaipokea kama sifa.

Kuna mahali kwenye ile kanda ya bendi yetu mnayoipenda ambapo kinanda kinapanda vizuri halafu kinakatika ghafla, na tarumbeta inaingia. Wewe huwa unasema hapo ndipo pazuri kuliko pote, kwamba ni kama mtu aliyesahau alichotaka kusema. Mwanangu, sikuwa nimesahau.

Sikuandikii haya ili uishushe tarumbeta yake ukutani. Iache, na endelea kuipangusa. Yule mtu alinunua kinanda changu cha kwanza kabla hajajinunulia kitanda kizuri, na kila tulipopiga ghorofani alikibeba mwenyewe mgongoni, akihema, wapiga gitaa wakimcheka, kwa sababu hakutaka nichoke mikono. Alikuwa hivyo, na alikuwa vile. Miaka hii yote nilikuwa nawapa ninyi watoto nusu moja, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa rahisi kuwapa. Na mbele ya wageni nilishindwa kusema hata nusu nyingine, nikaona afadhali niisingizie nchi.

Mzee mpiga ngoma alisikiliza mpaka mwisho. Aliandika kitu, akafuta, akasema kwamba na yeye ana mke aliyekuwa akiimba, na kwamba akitoka hapo ana swali la kwenda kumuuliza. Watu wakacheka, naye akacheka, lakini si sana. Wamenipasisha upigaji. Maandishi nimerudishiwa: sura ya tatu niiandike upya yote, na mwaka ujao nitapanda tena ngazi zile. Profesa amevua viatu tena, mshukuru Mungu. Anataka tuandike makala nyingine, mimi na yeye, majina yote mawili, kuhusu jinsi tulivyokwenda kutafuta watu wa nchi mbili tukawakuta watu wawili. Wanafunzi wamerudisha vichwa vyao. Mpishi wa kantini ananiinamishia mpaka kofia inaanguka.

Kinachobaki ni ninyi. Nimemwambia Profesa kwamba sitaandika neno "mume" kabla watoto wake hawajaniruhusu. Baba yenu ni wenu kama alivyokuwa wangu. Zungumza na mdogo wako, msome barua hii pamoja, mkasirike kama mna haja ya kukasirika. Mkisema hapana, nitaandika "kiongozi wa bendi moja," na sitawauliza tena. Mkisema ndiyo, nitamwandika pamoja na ule mgongo uliobeba kinanda. Hiyo ni ahadi.

Watu waliponipigia makofi nilimtafuta kwa macho, je, unaamini? Kwa mazoea nilitazama kulia kwangu jukwaani, mahali alipokuwa akisimama, nikamkuta Twiga anasugua shingo. Nikatamani baba yako angekuwepo. Si jukwaani. Pale chini, kwenye kiti, kama watu wengine, mikono mitupu magotini, asikie mpaka mwisho.

Mpe Kidomo busu la shavuni na umwambie bibi yake sasa anazijua hesabu za kuzidisha zote hadi za tisa. Mkwe wangu msalimie kwa heshima. Jino lishughulikie. Wasalimie na majirani wote wanaoniulizia, na wale wasioniulizia wasalimie zaidi. Nangojea kalamu yako, iwe na hasira au iwe na kicheko, mradi iwe yako.

Ni mimi mama yako anayekupenda,
Mpiga kinanda.